Gari la Pauni Elfu Tisa

Mpendwa Bi. Ockenden,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya gari langu mwenyewe, gerejini, gari ambalo haliwezi kwenda popote kwa sababu bado limepandishwa juu ya vigogo vya mbao, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa maana Jumamosi hiyo shemeji yangu anakwenda kulipia kitu kwa sababu ya uongo nilioutunga mimi, na nikinyamaza nitakuwa nimemtia hasara mtu ambaye hajawahi kunikosea hata siku moja.

Mimi ni fundi wa boila, ile mitambo ya kupasha maji na nyumba joto, nina miaka hamsini na tisa, naishi hapa Leominster na mke wangu Nesta, tumeoana, huu ni mwaka wa thelathini na moja sasa, na sijawahi kumdanganya kwa jambo la maana mpaka hili la gari lilipoingia nyumbani. Tangu ujana wangu nilitamani kuunda gari la michezo kwa mikono yangu, lile dogo la viti viwili lisilo na paa, ambalo kiwanda kinakuletea chesisi, ile fremu ya chini, na bodi kwenye lori na wewe unatafuta gari kuukuu la kuchinja ili upate injini na gia boksi na ekseli, halafu unaunganisha mwenyewe, nati kwa nati, mpaka linawaka. Miaka mitatu iliyopita tuliuza karavani yetu, kijumba cha likizo cha kukokotwa na gari, kwa sababu Nesta alisema amechoka kwenda Tenby pwani kila Agosti kusikiliza mvua ikipiga bati, na tukapata pauni elfu tisa kamili, na Jumapili iliyofuata nikamwambia ninachotaka, naye akiwa anakoroga mchuzi wa nyama ya kuoka akaniuliza bila hata kugeuka, "Haya, na hilo gari lako litakula kiasi gani?"

Bi. Ockenden, nilikuwa nimeona tangazo limeandika "kuanzia elfu nne na mia mbili", na lile neno "kuanzia" lilinipita kabisa, nikajibu, "Elfu tisa."

"Elfu tisa tu?"

"Elfu tisa, tena huenda ikabaki chenji."

Akageuka akanitazama, akasema, "Sawa mzee, karavani yako hiyo, igeuze gari." Nilifurahi kiasi kwamba nilimsaidia kuosha vyombo bila kuambiwa.

Sasa nikueleze nilivyofanya, na usinicheke sana. Kitu cha kwanza nilichonunua ni usukani wa ngozi, halafu geji zenye nyuso nyeupe, halafu matairi manne na rimu zake, kwa sababu vilikuwa vizuri na vilikuwa na punguzo, na hapo sikuwa hata na chesisi ya kuvifungia. Halafu nikampa mtaalamu injini aifufue, akaifufua vizuri, akanipa dhamana ya miezi kumi na miwili, na dhamana ikaisha injini ikiwa bado imefunikwa blanketi kwenye kona. Chesisi ilipofika ndipo nilipogundua kwamba ile bei ya "kuanzia" haina kioo cha mbele, haina taa, haina viti, haina rangi, haina tangi la mafuta, na nilipopiga simu kiwandani kijana wa pale akaniambia kwa upole, "Mzee, yote hayo yapo ukurasa wa mwisho wa kitabu." Kweli yapo, kwa herufi ndogo kama punje za mtama.

Nikaanza kufanya kazi za Jumamosi, nikauza pikipiki yangu, nikamaliza akiba yangu ya mfukoni, ila sikugusa hata pauni moja ya nyumbani na sidaiwi na mtu, hilo naomba uliandike. Vifurushi vilikuwa vinakuja depoti ya kazini, navipeleka nyumbani kidogo kidogo, breki za mbele niliziingiza ndani ya gunia la viazi, na kila Nesta alipopita gerejini akaona kitu kipya akaniuliza, "Na hiki?" nilijibu, "Kilikuja na gari." Viti vilikuja na gari. Taa zilikuja na gari. Siku ile ya redieta Nesta alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Kiwanda hicho kina huruma kweli kweli," nami nikainama chini ya chesisi nikajifanya natafuta spana.

Nina daftari la hesabu za kweli, nalificha ndani ya boksi la vali za boila, na mpaka leo linasoma pauni elfu kumi na saba, mia sita na arobaini, na gari halijaisha, maana matairi yale yaliyokaa chini miaka mitatu yameanza kupasuka ubavuni na lazima ninunue mengine.

Haya yote ningeweza kufa nayo, kwa kusema kweli, kama si Alwyn. Alwyn ni kaka yake Nesta, anaishi Merthyr na mkewe Delyth, amefanya kazi kiwanda kimoja miaka ishirini na minane na Januari wamempunguza, wakampa pauni elfu ishirini za kuagana. Jumapili iliyopita walikuja kula, na Nesta, ambaye miaka yote hii amekuwa akiwasimulia watu wa kwaya yake kwamba mumewe ndiye mwanamume pekee Herefordshire anayejua kupanga matumizi, akaweka bakuli la viazi mezani akasema, "Huyu bwana wangu anaunda gari zima kwa elfu tisa. Zima! Nyie wengine hata rafu ya ukutani mnazidisha bajeti."

Alwyn akaweka uma chini. "Elfu tisa bado? Shemeji, wewe ni mchawi."

"Si uchawi," nikasema, na Mungu anisamehe, "ni mpangilio tu."

Basi Alwyn akachomoa kitabu cha kiwanda kile kile cha gari langu kutoka mfuko wa koti, kimekunjwa kurasa, akasema amekisoma miezi miwili, na kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kwenye maonyesho ya magari ya kujiundia atalipa kianzio cha pauni elfu mbili. "Nimefuata hesabu zako, shemeji. Elfu tisa gari, moja naweka ya dharura, jumla kumi. Kumi zinazobaki zinanitunza mwaka mzima nikitafuta kazi. Nikilala bila kitu cha kufanya kwa mikono nitaoza, nakwambia kweli."

Nikasema labda bei zimepanda kidogo siku hizi. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Acha uchoyo wewe! Hutaki tuwe wawili barabarani?"

Na hapo ndipo Delyth, ambaye hakuwa amesema neno tangu supu, akasema taratibu, "Mimi sikutaka. Nilimwambia hapana mara tatu. Nimekubali kwa sababu ya Nesta, aliniambia mume wake hajawahi kumdanganya bei." Akanitabasamia. Kijiko changu cha kastadi kilikwama njiani.

Bi. Ockenden, sijalala vizuri tangu Jumapili, na nimewaza njia tatu. Ya kwanza, nimvute Alwyn pembeni tuzungumze kiume, nimwambie bei zimepanda ghafla, basi, Nesta asijue. Ya pili, ninyamaze, halafu nimsaidie kimyakimya kwa vipuri na kazi yangu ya bure mpaka gari lake limalizike kwa hizo elfu kumi zake. Ya tatu ni kumwambia Nesta, na hiyo naiogopa, kwa sababu hatanigombeza, yeye si mtu wa makelele, ataniangalia tu, na kwaya nzima itajua. Naomba unishauri ipi ni bora, na tafadhali usiandike jina langu, maana Nesta husoma safu yako kila Alhamisi akinywa chai yake ya saa nne.

Ni mimi,
Fundi Boila, Leominster


BI. OCKENDEN ANAJIBU:

Fundi wangu mpendwa,

Umeniomba nisiandike jina lako, na sijaliandika. La Nesta hukuniomba, wala la Alwyn, wala la Delyth, wala la mji, kwa hiyo nimeyaacha yote kama ulivyoyaleta. Usinilaumu mapema. Nakala ya jibu hili nilikutumia Jumatatu kwa posta ya haraka, kwa anwani ya depoti yako, kule kule breki zilikopokelewa, ili upate siku mbili nzima za kusema mwenyewe kabla gazeti halijadondoka mlangoni kwenu. Kama leo ni Alhamisi na hujasema, basi saa nne ni karibu kuliko unavyodhani.

Nimecheka, nakiri. Nilicheka pale kwenye gunia la viazi mpaka paka wangu akaondoka chumbani. Marehemu mume wangu Cedric aliunda magari mawili ya namna hiyo, na nyumbani kwetu pia kila kitu "kilikuja na gari". Kwa hiyo nakujua, bwana, na ninyi wote mnaoficha daftari nawajua. Mnadhani mnaficha peke yenu, kumbe mko klabu nzima.

Lakini sasa tuache kucheka kidogo. Njia yako ya kwanza ni uongo mpya juu ya uongo wa zamani. Bei hazijapanda ghafla. Wewe ndiye ulizishusha. Ukimwambia Alwyn hivyo, atapiga simu kiwandani, atajibiwa bei ni ile ile, na atakwenda kulipa akiwa na uhakika zaidi kuliko mwanzo. Njia ya pili ndiyo imenishangaza kabisa. Huna uwezo wa kumaliza gari moja, unataka kumalizia la pili kwa siri? Kwa pesa gani, mzee, na pikipiki umeshaiuza? Na huyo Alwyn atakaa na gari nusu gerejini na friji tupu jikoni, huku Delyth akikumbuka kila siku ni nani aliyemtoa kwenye hapana yake.

Kosa lako si kwamba gari limekula elfu kumi na saba. Gari la kwanza la kujiundia hula hivyo, na watu wenye akili kuliko wewe yamewakuta. Kosa ni kwamba hukuwahi kupanga bajeti. Nesta alikuuliza bei, wewe ukatazama pesa za karavani zilizokuwepo, ukaziita bei. Miaka mitatu sasa mkeo anakusifia kwa hesabu ambayo haijawahi kufanywa na mtu.

Kwa hiyo tuifanye sasa, kwa faida ya Alwyn na ya kila msomaji mwenye kitabu cha kiwanda mfukoni. Anza na ukurasa wa mwisho, ule wa herufi ndogo, na uandike kila ambacho hakimo. Kisha piga simu kiwandani, lakini usiulize gari linagharimu kiasi gani. Uliza mteja wao wa mwisho aliyemaliza alitumia kiasi gani, na uombe namba ya simu yake. Mpigie. Nenda kwake ukanywe chai, na usikubali jibu lake la kwanza kama mkewe yuko chumbani. Ukishapata jumla, ongeza theluthi moja, kwa sababu nati na boliti na mafuta ya breki na mabomba na spana usiyokuwa nayo havina huruma, kama ulivyokwisha kuona. Tenga na pesa za ukaguzi wa serikali, na tenga za kukaguliwa mara ya pili, kwa maana ule wa kwanza wengi hawapiti. Cedric aliangushwa kwa kichwa kimoja cha boliti kilichochomoza pasipo kofia ya plastiki. Bima, namba, rangi, vyote andika. Na kama jumla hiyo inakutoa jasho, afadhali likutoke mezani kabla hujatoa kianzio.

Na ununue kwa mpangilio wa kazi, si kwa uzuri. Chesisi na ekseli na breki kwanza, injini pale tu chesisi inapoisubiri, matairi wiki ile ile gari linaposhuka chini, na usukani wa ngozi mwisho kabisa, kama zawadi. Wewe ulianza na zawadi. Ndiyo maana una matairi yaliyopasuka kabla hayajaona barabara.

Sasa Alwyn. Soma tena maneno yake mwenyewe uliyoniandikia: akilala bila kitu cha kufanya kwa mikono ataoza. Je, hapo amesema anataka gari? Mimi nasikia mtu aliyetolewa kazini baada ya miaka ishirini na minane, anayetafuta sababu ya kuamka asubuhi. Sababu hiyo unayo gerejini kwako, imepandishwa juu ya vigogo. Mwambie kianzio kikae benki. Mwambie aje kwako siku mbili kwa wiki mmalizie lako, ajifunze nati zinaishia wapi na pesa zinaishia wapi, na akishapata kazi, na bado anataka, afanye hesabu ya kweli na Delyth akiwa amekaa pembeni yake na kalamu mkononi. Hasara yake itakuwa nauli ya kutoka Merthyr, na Nesta atamlisha.

Delyth umwombe radhi wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si kupitia mumewe. Alikataa mara tatu na alikuwa sahihi mara tatu.

Na Nesta ndiye wa kwanza kuambiwa, kabla ya hao wawili, na nitakuambia kwa nini. Cedric alipofariki nilipata risiti zake zote ndani ya boksi la mapambo ya Krismasi, miaka kumi na moja ya risiti, zimepangwa kwa tarehe. Sikukasirika kuhusu pesa hata kidogo. Nililia kwa sababu nilikumbuka mara ngapi niliingia gerejini na kikombe cha chai nikamwona akisukuma karatasi chini ya benchi, nikadhani hataki nikae, nikarudi ndani. Ningependa sana kukaa. Ningemshikia tochi. Nesta wako alisimama mlangoni siku ya redieta, mikono kiunoni, akakufungulia mlango wa kusema, na wewe ukaingia chini ya chesisi. Unasema unaogopa atakuangalia tu. Mimi nasema muda mrefu amekuwa akiangalia mgongo wako. Kwaya nayo itacheka wiki mbili, kisha itapata mtu mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda jikoni na daftari, si gerejini. Usianze na tangazo, usianze na neno "kuanzia", usianze na mvua ya Tenby. Anza na namba yenyewe, yote, elfu kumi na saba, mia sita na arobaini, na uongeze zile zilizobaki mpaka gari liishe. Mwambie pesa zilitoka wapi. Mwambie kuhusu Jumamosi. Kisha funga mdomo, na chochote atakachosema, kisikilize umesimama pale pale mpaka amalize.

Wako,
Beryl Ockenden